Mjadala: Afrika Mashariki tununue ndege zetu kubwa za mizigo ya kijeshi, au tuendelee kuomba lifti?

MLETA MADA

Wakuu, hili swali naomba tulijadili kwa hesabu, maana kila mara linaishia kwenye mapenzi ya bendera.

Desemba 2013 Burundi ilikuwa na askari 850 wa kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati. Askari wapo, silaha zipo, ndege ya kuwafikisha hakuna. Wakabebwa kutoka Bujumbura hadi Bangui na C-17, ndege kubwa za mizigo za jeshi la Marekani. Januari 2014 ikawa zamu ya Rwanda: askari 850, Kigali hadi Bangui, kwa C-17 zilezile za Wamarekani. Miaka tisa nyuma yake Wanyarwanda walikuwa wamepelekwa Darfur kwa mtindo huohuo.

Pale ambapo hatukuomba lifti tulikodi. Mogadishu ilihudumiwa na Il-76 za kukodi, ndege kubwa za mizigo za Kirusi, na tunajua gharama yake. Tarehe 9 Machi 2007 moja iliyobeba Waganda ilishika moto ikitua. Wiki mbili baadaye nyingine ilidunguliwa mara tu baada ya kuruka, watu wote 11 waliokuwamo wakafa. Machi 2009 nyingine ikaangukia Ziwa Victoria ikitoka Entebbe kwenda Mogadishu, wakafa 11, wakiwemo maofisa wa jeshi la Burundi.

Pendekezo langu ni hili. Pale kituo cha anga cha Pápa, Hungary, nchi 12 zinamiliki kwa pamoja C-17 tatu tangu 2009. Kila nchi imenunua saa za kuruka kwa mwaka kulingana na mfuko wake: Marekani 1,000, Sweden 550, Uholanzi 500, Norway 400, kushuka hadi Estonia na Lithuania zenye saa 45 kila moja. Jumla saa 3,165. Nchi ndogo kama Estonia inapata ndege ya tani 77 kwa saa 45 tu. Sisi wanachama wanane wa Jumuiya tunashindwa nini?

FUNDI WA INJINI

Mleta mada, hoja ni nzuri ila ndege uliyoitaja haiuzwi tena. Kiwanda cha C-17 cha Long Beach kilifungwa 2015 baada ya kutoa ndege 279. Zilizopo ziko kwa Marekani, Uingereza, Australia, Canada, India, Qatar, Falme za Kiarabu, Kuwait na hizo tatu za Pápa. Anayeuza zake ni lazima awe amechoka nazo, na sijaona aliyechoka.

Halafu namba tatu isikudanganye. Katika ndege tatu, moja huwa kwenye ukaguzi mkubwa, ya pili inaruka, ya tatu ndiyo ya akiba ikipata hitilafu ndogo: vali ya hidroliki, pampu ya mafuta, tairi. Ukinunua mbili, jiandae kuwa na moja. Ukinunua moja, kuna miezi huna kitu. Pápa wanamudu kwa sababu matengenezo yanafanywa na Boeing mwenyewe kwa mkataba, na vipuri vinatoka kwenye ghala linalohudumia kundi zima la ndege duniani. Bila mkataba wa namna hiyo, ndege hukaa chini wiki nzima ikisubiri kifaa cha kilo mbili.

Jambo moja ni la kujivunia kwenye C-17: injini zake nne za F117 ni ndugu wa PW2000 iliyofungwa kwenye Boeing 757. Si mashine ngeni kwa mafundi wa ndege za abiria. Ila ndege si injini peke yake.

Kwa anayetaka mpya leo, ya ukubwa unaokaribia ni A400M ya Airbus. Tani 37, injini nne za propela, kila moja nguvu farasi 11,000. Nayo ina historia ya kuuma. Mei 2015 moja ilianguka Seville kwenye ruka yake ya kwanza ya majaribio, wakafa wanne kati ya sita. Programu za injini zilipopakiwa, data za kupimia nguvu ya mzunguko zilifutika kwenye injini tatu, na kompyuta haikutoa onyo ndege ikiwa chini. Ilipopaa, injini tatu zikakwama. Mwaka 2016 nyufa zikaonekana kwenye sanduku la gia za propela, na baadhi ya injini zikawekewa ukaguzi wa kila saa 20 za kuruka. Saa 20! Hebu fikiria kikosi chenye ndege mbili kikifungua injini kila baada ya safari chache. Mambo yamerekebishwa tangu hapo, lakini mnunuzi mdogo ndiye huumia zaidi ugonjwa wa aina hii ukizuka.

LODIMASTA

Kama lodimasta, yaani mpangaji wa mizigo ndani ya ndege, nimeona "ndege ya tani 77" imetajwa kama vile ni lori la tani 77. Naomba tuifungue hiyo namba.

C-17 inaruhusiwa kuruka na uzito usiozidi tani 265. Yenyewe tupu ni tani 128. Zinabaki tani 137 za kugawana mzigo na mafuta. Ukipakia tani 77 na nusu, unabaki na nafasi ya mafuta tani 60 hivi. Ukijaza matangi yote, zaidi ya tani 100, mzigo unashuka hadi tani 30 au chini yake. Mafuta yenyewe yanaliwa kwa takribani tani 9 kwa saa. Kwa hiyo anayekuuzia tani 77 na masafa marefu kwa sentensi moja anakuuzia ndege mbili tofauti.

La pili, mizigo mingi hujaza nafasi kabla haijafikia uzito. Mahema, vitanda, vyandarua, chakula, maboksi ya dawa: paleti ya kijeshi (jukwaa la kupangia mizigo) ya mita 2.74 kwa 2.24 inaruhusiwa kubeba tani 4 na nusu, lakini ukipanga vitu hivyo hadi kimo cha mita 2.4 unakuta hata nusu ya uzito huo hujafika. C-17 inachukua paleti 18. Ndiyo maana wapangaji wa jeshi la anga la Marekani, wenye ndege hizo wenyewe, hukadiria wastani wa tani 41 kwa C-17 na tani 11 kwa C-130, ndege ya mizigo ya kijeshi ya ukubwa wa kati. Karibu nusu ya namba za kwenye tangazo. Sisi tukipanga kwa namba za tangazo, kikosi kitafika na magari, mahema yakafuata wiki ya pili.

MLETA MADA

Lodimasta, ahsante, hilo sikulijua. Sasa kama wastani ni huo, kwa nini tusinunue C-130 nyingi? Zinatengenezwa bado, kila mtu anazijua. Kenya tayari wana C-27J tatu, ambayo ni mdogo wake.

LODIMASTA

Kwa sababu ya kimo, mkuu. Kwa eneo letu hili ndilo jambo kubwa kuliko tani.

Chumba cha mizigo cha C-130 kina kimo cha mita 2.74 na upana wa mita 3.05. C-27J iko chini zaidi, karibu mita 2.6. Sasa chukua Casspir, gari la kukinga mabomu ya ardhini ambalo Waganda walilitumia Somalia. Bodi lake ni refu kwenda juu kuliko mita 2.74, kwa sababu magari ya aina hiyo hunyanyuliwa makusudi ili mlipuko usifikie askari. Halipiti mlangoni. Unaweza kuvua mnara wa bunduki, kupunguza upepo wa tairi, ukapata sentimita kadhaa, bado halipiti. Na hayo ndiyo magari ambayo kikosi cha leo hakitoki bila nayo.

A400M ina kimo cha kati ya mita 3.85 na 4 kutegemea sehemu ya chumba. C-17 mita 3.76 chini ya bawa. Il-76 mita 3.4 kwa upana wa mita 3.45. Mnaona sasa kwa nini Il-76 za kukodi zilitawala Mogadishu miaka yote ile: gari linaingia likiwa zima. C-390 ya Brazil inayosifiwa sana siku hizi inabeba tani 26, zaidi ya C-130, lakini kimo chake ni mita 2.95. Kwa lori la kawaida safi. Kwa deraya, yaani gari la kivita la kukinga risasi, likiwa refu kwenda juu, pima kwanza.

Tufanye hesabu ya batalioni moja: deraya 40 za tani 14, malori na mizigo mingine tani 500. Kwenye C-17, deraya tatu za urefu wa mita 7 zikikaa mstari mmoja na mapengo ya kufungia, sakafu ya mita 20.8 imekwisha na umeingia kwenye rampu, mlango wa nyuma unaoshuka kama mteremko. Safari 14 za deraya, safari 12 au 13 za mengine. Kwenye A400M, deraya mbili kwa safari, yaani tani 28, safari 20. Kwenye C-130, sifuri.

RUBANI

Naongezea upande wa kiwanja, maana ndege haipakuliwi angani.

Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kigali mita 1,491. Goma mita 1,551. Siku ya nyuzi 25 mchana Nairobi, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani siku ya kawaida. Bawa linahitaji kasi zaidi ili libebe uzito uleule, kama asilimia 12 zaidi ardhini. Kasi ikizidi kwa asilimia 12, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza ukikatisha kuruka dakika ya mwisho inazidi kwa zaidi ya robo. Wakati huohuo injini inavuta hewa pungufu, msukumo unashuka. Yote mawili yanakula mzigo wako. Nairobi ina njia ya mita 4,100, unaweza kukimbia mpaka ukapata kasi. Goma mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, ikabaki karibu mita 2,000 kwa miaka mingi. Pale namba za karatasi huzioni kabisa.

Msisahau pia kwamba kutua na kuruka ni mambo mawili. Mwaka 2012 C-17 ya Marekani ilikosea kiwanja huko Tampa, Florida, ikatua kwenye njia isiyofika mita 1,100. Ilisimama salama. Siku hiyohiyo ikaondoka ikiwa nyepesi. Watu huchukua kisa hicho kama ushahidi kwamba ndege hii inaingia popote. Inaingia, ndiyo. Jiulize inatoka na nini, na kama mafuta yapo kule. Kigali hadi Bangui ni kama kilomita 1,470. Ukikuta Bangui hakuna mafuta ya kutosha, unabeba ya kwenda na kurudi pamoja na akiba, jumla tani 45 hivi.

Na maegesho. Kiwanja kikiwa na nafasi ya C-17 moja tu, na kila moja ikikaa saa mbili na nusu kupakua, mchana wa saa 12 unahudumia ndege nne au tano. Hata ukiwa na ndege ishirini, hupitishi zaidi ya tani 200 kwa siku kwenye mlango huo.

MTU WA BAJETI

Nimewasoma wote kwa makini. Naungana na mleta mada kwa uchungu wake, naipinga dawa yake.

Mwaka 2011 India iliagiza C-17 kumi kwa kama dola bilioni 4.1, pamoja na vifaa na mafunzo. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 400 kwa kila ndege. Bajeti nzima ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mwaka ni kama dola milioni 100, na bado michango ya nchi kadhaa hucheleweshwa. Bajeti ya mwaka mzima ya Arusha hainunui hata nusu ya ndege moja.

Afrika Kusini wana uchumi mkubwa kuliko yeyote kati yetu. Waliagiza A400M nane mwaka 2005. Novemba 2009 wakafuta, gharama zimepanda na ndege zimechelewa miaka. Matokeo yake wakabaki na C-130 walizozipokea 1963. Mwaka 2025 kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, kilipotoka Goma, uwanja wa ndege ukiwa umefungwa, kiliondoka kwa msafara wa barabara kupitia Rwanda hadi Chato, Tanzania. Hata ungekuwa na C-17 kumi, siku ile zisingekusaidia: mwenye kiwanja ndiye mwenye ufunguo.

Njia ya kati ipo. NATO tangu 2006 inakodi An-124 kwa mkataba wa kudumu, ndege zikiwa tayari Leipzig, na nchi hulipia saa zilizohakikishwa. An-124 inabeba tani 120, chumba cha mita 36, inainama mbele na kufunguka pua, ina kreni zake ndani. Mkataba wa namna hiyo, saa 300 au 400 kwa mwaka, hata kwa ndege ndogo kuliko An-124, tungeweza kuulipa. Mizigo mizito isiyo na haraka ipite Mombasa na Dar kwa meli kisha barabara.

FUNDI WA INJINI

Mtu wa bajeti, mkataba huo wa NATO ulitegemea ndege za Antonov, ambazo kiwanda chake hakitengenezi mpya, na baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022 idadi inayopatikana sokoni ilipungua sana. An-225, kaka mkubwa wa An-124, yenyewe iliteketezwa Hostomel, karibu na Kyiv. Mikataba ya kukodi ni mizuri mpaka siku kila mtu anapozihitaji kwa wakati mmoja. Na mwenye ndege ya kukodi ana haki ya kusema Mogadishu siendi, bima yangu hairuhusu. Baada ya Machi 2007 nani angemlaumu?

LODIMASTA

Kuna hatari nyingine kwenye kukodi isiyosemwa: nani anafunga mzigo. Aprili 2013 Boeing 747 ya kukodi iliyobeba magari matano ya deraya ilianguka Bagram, Afghanistan, sekunde chache baada ya kuruka. Walikufa saba. Gari liliachia mikanda, likarudi nyuma, likavunja ukuta wa mwisho na kuharibu hidroliki na skrubu inayoongoza mkia. Magari ya tani 12 na 18 yalifungwa kwa mikanda, kwa mpango usiotosha uzito ule.

Kwa kijeshi, kanuni ni kwamba mzigo uzuiwe kwa mara 3 ya uzito wake kwenda mbele, mara 1.5 kwenda nyuma na pembeni, mara 2 kwenda juu. Deraya ya tani 14 inadai zuio la tani 42 mbele. Mnyororo mkubwa umepimwa tani 11.3, lakini ukiufunga kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni na 30 kutoka mstari wa ndege, nguvu yake ya kwenda mbele ni robo tatu, tani 8 na nusu. 42 gawanya kwa 8.5, mitano. Minyororo hufungwa jozi kulia na kushoto, basi sita. Nyuma inatoka minne. Kumi kwa gari moja. Na ikiwa ndoano ya gari ina uwezo wa tani 5, mnyororo huo unahesabika tani 5, hata uwe mnene vipi. Watu wanaojua hesabu hii hawakodishwi pamoja na ndege. Ni lazima wawe wetu, hata kama ndege si yetu.

MDAU WA BUJUMBURA

Mbona hamjagusa swali gumu kuliko yote? Ndege ya pamoja inaagizwa na nani? Pápa saa ni za nchi, inazitumia kwa kazi ya NATO, ya Umoja wa Mataifa, ya Umoja wa Ulaya au yake yenyewe. Sisi Kongo na Rwanda wamo humohumo kwenye Jumuiya. Kongo ikitumia saa zake kupeleka risasi Kisangani, Rwanda itakubali rubani wake akae kwenye kiti? Na kupitia kikosi cha akiba cha kanda, kile chenye makao Nairobi, Tanzania haimo, iko SADC. Ukikosa Tanzania umekosa kipande kikubwa cha pwani.

MLETA MADA

Mdau, umenigusa pabaya, na nakubali. Nabadilisha pendekezo, lisiwe la Jumuiya nzima. Nchi tatu au nne zinazotuma askari mara kwa mara, zenye mkataba kwamba ndege ni ya kazi zilizoidhinishwa na Umoja wa Afrika au Umoja wa Mataifa tu. Aina iwe ya kimo cha A400M, maana nimeelewa umbali wetu ni mfupi: Nairobi hadi Goma kilomita 850 hivi, Nairobi hadi Mogadishu kama 1,000. A400M yenye tani 30 inakwenda 4,500. Hatuna haja ya kulipia masafa ya C-17. Wakati tunachanga, mkataba wa saa za kukodi kama alivyosema Mtu wa bajeti, na shule ya malodimasta ianze sasa, kabla ya ndege.

MTU WA BAJETI

Shule naiunga mkono leo hii. Ndege, nionyeshe kwanza nani analipa mwaka wa sita, ukaguzi mkubwa ukifika.

MLETA MADA

Sawa, hilo nitalileta na namba. Lodimasta, swali la mwisho: nchi ikitaka kujua gari lake litaingia ndege gani, inapimaje? Kitabu cha gari kinatosha?

LODIMASTA

Hakitoshi. Kitabu kinapima gari tupu kiwandani. Lipime likiwa na vifaa vyake vya vita, juu ya saruji tambarare, tairi zikiwa na upepo wa kawaida, kuanzia sehemu ya juu kabisa isiyovuliwa. Andika kando kile kinachovuliwa: mnara, antena, taa, na dakika za kukivua na kukirudisha. Acha angalau sentimita 15 kila upande na juu.

Kisha pima umbali kati ya ekseli, na uzito wa kila ekseli peke yake kwenye mzani, kwa sababu sakafu inavunjwa na ekseli, si na jumla. Mwisho chora gari likipanda rampu. Pale rampu inapokutana na sakafu, tairi za mbele zikiwa zimeshafika juu na za nyuma bado ziko kwenye mteremko, paa la mbele hunyanyuka zaidi ya kimo ulichopima chini. Gari nyingi hukwama hapohapo kwenye bawaba, nusu ndani nusu nje. Tumia vibao vya mbao kurefusha rampu, mteremko upungue, kisha ulivute kwa winchi taratibu, mtu mmoja akiangalia paa na mwingine akiangalia tumbo la gari lisiguse bawaba.